Nyumba za miti na udongo zinavyoweza kuimarishwa dhidi ya tetemeko la ardhi: Mwongozo kwa kaya za Kwamkoro na Milima ya Usambara

Nyumba ya miti na udongo ni makazi ya kaya nyingi katika vijiji vya Milima ya Usambara, ikiwemo Kwamkoro katika Tarafa ya Amani, Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga. Nyumba ya aina hii mara nyingi huhesabiwa kuwa dhaifu. Hata hivyo, ikiwa nguzo zake ni nzima na viungo vyake vimekaza, inaweza kustahimili mtikisiko wa ardhi kuliko nyumba ya matofali iliyojengwa bila nondo wala mkanda wa zege.

Udhaifu wa nyumba hizi hutokana na mambo matatu: miguu ya nguzo iliyooza au kuliwa na mchwa, viungo vilivyolegea, na kuta zisizo na miti ya mshazari. Yote matatu yanaweza kurekebishwa na fundi wa kijijini bila kubomoa nyumba.

Hali ya matetemeko nchini

Tanzania imepitiwa na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambako matetemeko hutokea kwa sababu vipande vya gamba la dunia husogea na kuachana taratibu. Tarehe 13 Desemba, 1910 eneo la Rukwa lilikumbwa na tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4, ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kupimwa barani Afrika. Tarehe 5 Desemba, 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea katika Ziwa Tanganyika. Tarehe 12 Agosti, 2020 tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6.0 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi na kutikisa majengo jijini Dar es Salaam.

Lililoacha funzo kubwa zaidi kuhusu makazi ni tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba, 2016. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na nguvu yake ilikuwa chini ya moja ya mia ya ile ya tetemeko la Rukwa la mwaka 1910. Pamoja na hayo, watu 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba ziliharibika au kuanguka. Majengo ya Shule za Sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibiwa vibaya. Kagera ilionesha kuwa tetemeko la wastani linatosha kuua pale linapokuta kuta nzito zisizofungwa pamoja.

Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Miamba yake ya kale iliinuliwa kando ya mipasuko ya ardhi, na Bonde la Lwengera limeitenganisha Usambara Mashariki, iliko Amani, na Usambara Magharibi, iliko Lushoto. Mkoa wa Tanga hauhesabiwi pamoja na ukanda wa Rukwa na Ziwa Tanganyika kwa wingi wa matetemeko, lakini hauko nje ya athari zake. Aidha, miteremko mikali na mvua nyingi za eneo hili huongeza hatari ya maporomoko ya udongo, ambayo mtikisiko mdogo unaweza kuyaanzisha.

Kwa nini nyumba huanguka

Wakati wa tetemeko ardhi husukuma nyumba kwa ubavu, kwenda na kurudi. Nguvu ya msukumo huo huongezeka kadiri nyumba inavyokuwa nzito. Ukuta wa matofali usio na nondo hauwezi kupinda, hivyo hupasuka na kuanguka kwa uzito wake wote. Mti, kwa upande mwingine, ni mwepesi na hupinda kabla ya kuvunjika. Udongo uliokandikwa juu ya fito hupata nyufa na kumomonyoka, lakini nguzo zikiendelea kusimama paa halianguki juu ya waliomo ndani.

Mataifa mengine yamejifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Baada ya tetemeko la mwaka 1755 kuharibu jiji la Lisbon, wajenzi wa Ureno walianza kuweka ndani ya kuta fremu ya mbao yenye miti ya mshazari. Baada ya tetemeko la mwaka 2005 huko Kashmir, Serikali ya Pakistan iliruhusu wananchi kujenga upya kwa mtindo wao wa asili wa fremu ya mbao iliyojazwa mawe na udongo, kwa kuwa nyumba za namna hiyo zilistahimili vizuri. Kwa upande wa pili, tetemeko la Kobe nchini Japani la mwaka 1995 liliangusha nyumba nyingi za zamani za mbao zilizokuwa na mapaa mazito ya vigae, na baadhi yake zilikuwa na mbao zilizooza. Mbao pekee haitoshi. Uzima wake na namna ilivyofungwa ndivyo huamua.

Hatua za kuimarisha

1. Kukagua na kurekebisha miguu ya nguzo. Katika hali ya unyevu ya Usambara, nguzo iliyochimbiwa moja kwa moja ardhini huoza kwanza pale inapokutana na uso wa udongo. Mwenye nyumba achimbue kidogo kuzunguka nguzo na kuichoma kwa kisu au bisibisi. Chuma kikizama kwa urahisi, nguzo imeoza. Nguzo za pembe zikaguliwe kwanza. Sehemu iliyooza ikatwe, na nguzo ikalishwe juu ya kitako cha zege kilichoinuka juu ya ardhi na kufungwa kwa mkanda wa chuma uliozamishwa ndani ya zege hilo. Kazi ifanyike kwa nguzo moja baada ya nyingine, huku paa likiegemezwa kwa miti ya muda. Maji ya mvua yaelekezwe mbali na ukuta kwa mfereji.

2. Kuweka miti ya mshazari. Nguzo na fito zilizosimama na kulala pekee hufanya umbo la mstatili, ambalo husukumwa na kulala upande kama sanduku lisilo na kifuniko. Mbao iliyopigiliwa kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya nguzo inayofuata hugeuza umbo hilo kuwa pembetatu, ambayo haibadiliki bila mbao kuvunjika au kiungo kuachia. Kila ukuta unahitaji mishazari miwili inayoelekea pande tofauti, moja karibu na kila pembe ya nyumba. Mbao yenye upana wa nchi 4 na unene wa nchi 1 inaweza kutumika kwa nyumba ndogo ya chini, mradi ipigiliwe kwenye kila nguzo inayokatizwa. Kazi hii huhitaji kukwangua udongo kwenye mkanda mwembamba tu, kisha kukandika upya.

3. Kukaza viungo. Kamba za magome na za katani hulegea na kuoza kadiri miaka inavyopita. Viungo vyenye kubeba uzito, hasa kati ya nguzo na mtambaapanya, yaani mti unaolala juu ya nguzo na kubeba paa, vifungwe kwa mkanda wa chuma au waya usioshika kutu, pamoja na misumari. Mitambaapanya ya kuta mbili inapokutana pembeni ipishane na kufungwa, ili ukuta mmoja usiachane na mwingine. Kenchi nazo zifungwe kwenye mtambaapanya. Kifungo hicho hicho huzuia paa kung'olewa na upepo.

4. Kupunguza uzito wa juu. Paa la bati ni jepesi na linafaa, ilimradi mawe yasiwekwe juu yake kulizuia lisipeperuke. Kazi hiyo ni ya misumari na vifungo. Sehemu ya pembetatu iliyo juu ya ukuta wa ubavuni izibwe kwa mbao au bati badala ya matofali. Mizigo mizito isihifadhiwe darini, hasa juu ya vitanda.

5. Kutunza kuta. Fito zilizokaribiana na udongo uliochanganywa na majani makavu hushikana vizuri zaidi kuliko udongo mtupu. Milango na madirisha yawe mbali na pembe za nyumba, kwa kuwa pembe ndizo zinazobeba msukumo mkubwa.

6. Kuangalia mteremko. Nyumba nyingi za milimani husimama juu ya sakafu iliyokatwa kwenye mteremko. Ukuta wa nyuma usigusane na kingo ya udongo, na nafasi iachwe kati yao kwa ajili ya mfereji na kwa usalama iwapo kingo itaporomoka. Pale ambapo upande wa bondeni umeinuliwa juu ya nguzo, nguzo hizo ndefu ziwekewe mshazari kabla ya sehemu nyingine yoyote, kwa sababu ndizo zinazoweza kulala kwanza.

Tahadhari kuhusu matofali ya kuchoma

Baadhi ya kaya huboresha nyumba kwa kuondoa ukuta mmoja wa udongo na kuweka wa matofali ya kuchoma, huku kuta nyingine zikibaki za miti. Ukuta mzito na fremu nyepesi hutikisika kwa namna tofauti, na ukuta usiofungwa hujitenga na kuanguka, mara nyingine kuelekea ndani. Kaya inayokusudia kuhamia kwenye nyumba ya matofali inashauriwa kujenga nyumba kamili yenye msingi imara, nondo kwenye pembe na mkanda wa lenta unaozunguka kuta zote. Uwezo ukiwa bado haujafika, ni salama zaidi kuimarisha nyumba ya miti iliyopo kuliko kuichanganya.

Kupanga kazi kwa uwezo mdogo

Si lazima kazi yote ifanyike kwa mara moja. Kaya yenye uwezo mdogo ianze na chumba wanacholala watoto na wazee: nguzo zake za pembe, mishazari yake na vifungo vya mtambaapanya. Msimu unaofuata iendelee na vyumba vingine. Kipindi cha ukame ndicho kinachofaa, kwa kuwa udongo hukauka vizuri na mteremko haujalowa.

Miti ya kazi hii ipatikane kihalali. Msitu wa Kwamkoro ni miongoni mwa misitu iliyounganishwa mwaka 1997 kuunda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, na kukata miti ndani ya hifadhi ni kosa kwa mujibu wa sheria. Wananchi wanashauriwa kutumia miti ya kupandwa, kama mikaratusi, kutoka mashamba binafsi na kwa wauzaji wenye vibali. Msitu unaobaki juu ya mteremko hushikilia udongo, hivyo nao ni sehemu ya ulinzi wa nyumba zilizo chini yake.

Majukumu na taarifa

Uratibu wa masuala ya maafa nchini uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) ndiyo yenye jukumu la kufuatilia matetemeko. Hakuna chombo chochote duniani kinachoweza kutaja siku na saa ya tetemeko kabla halijatokea. Taarifa za namna hiyo zinazosambazwa kwa simu zipuuzwe.

Mtikisiko ukitokea, aliye ndani ajikinge chini ya meza imara na kujishikilia hadi utulie, kisha atoke nje kwa utaratibu, kwa kuwa mitikisiko mingine huweza kufuata. Mwenye nyumba akague nguzo, viungo na kingo za mteremko kabla ya familia kurejea kulala, na atoe taarifa ya uharibifu kwa Mtendaji wa Kijiji. Kwa uokoaji, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Nyufa kwenye udongo si lazima ziwe dalili ya nyumba kuanguka. Nguzo iliyoinama, kiungo kilichoachia au mlango ambao ghafla haufungi ndizo dalili za kuhama kwanza na kumwita fundi, na kukandika kusubiri hadi fremu itakaporekebishwa.