Bolivia ilipoandika uhakiki wake yenyewe

Najua wengi mko kwenye msimu wa test na madesa yamewafika shingoni. Leo nawaletea historia kidogo, na ni historia ya gemu. Msicheke jamani, historia siyo lazima iwe Berlin 1884 kila siku.

Gemu lenyewe ni Tom Clancy's Ghost Recon Wildlands la kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft, lililotoka tarehe 7 Machi 2017. Wale wa kukesha na kompyuta mnalijua. Kwa wasiolijua: unakuwa askari mmoja kati ya wanne wa kikosi cha siri cha Marekani. Mnaingizwa Bolivia kuliangusha genge la dawa za kulevya linaloitwa Santa Blanca, ambalo ndani ya gemu limeiweka nchi nzima mfukoni. Bosi wao anaitwa El Sueño. Ramani yote iko wazi, ina majimbo 21, na unazurura unavyotaka kwa gari, pikipiki au helikopta. Ukifika kwenye kambi ya maadui unarusha kidege kisicho na rubani, unahesabu walinzi, unawagawia wenzako shabaha, halafu mnafyatua kwa mpigo mmoja. Ukikurupuka, umekwisha.

Sasa wahakiki walisemaje? Kwa kifupi walisema ni zuri, ila siyo sana. Alama za wastani zilikuwa kwenye 70 na kitu kati ya 100. Walisifia kucheza wanne kwa pamoja, ule uhuru wa kupanga shambulio lako mwenyewe, na zaidi ya yote walisifia nchi: milima yenye theluji, misitu, na ule uwanda mweupe wa chumvi wa Uyuni ambao kweli upo na una zaidi ya kilometa za mraba 10,000. Walichoponda ni kazi zinazojirudia mpaka zinachosha, magari yanayoendeshwa kama mikokoteni, hadithi nyepesi, na vichekesho vya askari wenzako ambavyo havichekeshi. Bahati mbaya nyingine, siku nne tu kabla yake lilitoka The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ambalo wahakiki karibu walilipigia magoti. Kila gemu la ramani wazi lililotoka mwezi ule lilipimwa kwa rula hiyo.

Wanunuzi lakini hawakujali. Marekani, Wildlands ndilo lililoongoza kwa mauzo mwezi huo wa Machi. Mpaka hapo ni hadithi ya kawaida, wahakiki wananuna na watu wananunua.

Ila kuna mhakiki mmoja ambaye hakuandika kwenye gazeti lolote. Alikuwa serikali ya Bolivia.

Siku chache kabla gemu halijaingia sokoni, waziri wa mambo ya ndani wa Bolivia, Carlos Romero, alitangaza kwamba nchi yake imepeleka barua ya malalamiko kwa balozi wa Ufaransa na kuiomba serikali ya Ufaransa iingilie kati. Akaongeza kwamba kisheria wana haki ya kwenda mahakamani. Ubisoft wakajibu kwamba hiyo ni kazi ya kubuni, na kwamba Bolivia waliichagua kwa uzuri wa mandhari yake na utajiri wa utamaduni wake.

Wengi waliosoma habari ile walicheka: serikali nzima inagombana na gemu! Hapo ndipo somo letu linapoanza kuwa na maana, kwa sababu ukiiweka barua ile kwenye mfululizo wa matukio, inaacha kuchekesha.

Hebu tuangalie. Rais wa Bolivia wakati ule, Evo Morales, alipanda kisiasa akiwa kiongozi wa vyama vya wakulima wa koka. Kwa watu wa milimani kule, jani la koka ni kitu cha kale. Wanalitafuna kupambana na njaa, uchovu na ule ugumu wa kupumua wa juu milimani. Kokeini ni kitu kingine, inatengenezwa kwa kemikali kutokana na jani hilo. Hoja ya Bolivia kwa miaka mingi imekuwa hiyohiyo, kwamba jani siyo unga.

Na hoja hiyo waliilipia gharama. Septemba 2008 Morales alimfukuza balozi wa Marekani, Philip Goldberg. Novemba mwaka uleule akasimamisha kazi za DEA, lile shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, na mapema 2009 maofisa wake wakawa wameondoka. Mwaka 2009 katiba mpya ikalitambua jani la koka kama urithi wa taifa. Mwaka 2011 Bolivia ikatangaza kujitoa kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya. Januari 2013 ikarudi ikiwa imejiwekea haki ya wananchi wake kutafuna koka. Halafu tarehe 8 Machi 2017 Morales akatia saini sheria mpya inayoruhusu hekta 22,000 za koka halali, kutoka 12,000 za sheria ya mwaka 1988.

Mmeiona tarehe hiyo? Tarehe 8 Machi 2017. Gemu lilitoka tarehe 7.

Basi fikiria wewe ndiye Bolivia. Wiki ileile unayojaribu kuiambia dunia kwamba jani lako siyo unga, kampuni kubwa inauza duniani kote picha ya nchi yako ikiwa mikononi mwa wauza unga. Na mkasa unaanzaje? Unaanza na kuuawa kwa ofisa wa DEA ndani ya Bolivia, shirika ambalo kwa kweli lilishaondoka miaka minane nyuma. Na anayekuja kuwaokoa wananchi ni nani? Komandoo wa Marekani. Yaani kile ambacho Bolivia ilikikataa kwa sheria, gemu linakirudisha kwa bunduki, na mchezaji anakishangilia. Kha!

Kusema kweli wapo wahakiki walioligusa hili na kusema kwamba hadithi imejaa picha za kukariri kuhusu Amerika ya Kusini. Ila kwenye zile alama, uendeshaji mbovu wa pikipiki ulizungumzwa kwa undani kuliko jina la nchi. Simlaumu mtu, mhakiki wa gemu anaulizwa kama gemu linafaa kununuliwa. Bolivia ilikuwa inajibu swali jingine kabisa: hii ni nchi ya nani?

Na wao hawakuwa wa kwanza. Mwaka 2007 gemu la mfululizo huuhuu, Ghost Recon Advanced Warfighter 2, liliweka vita ndani ya mji wa Ciudad Juárez, Meksiko. Gavana wa jimbo la Chihuahua akaamuru nakala zikamatwe.

Sasa tusogee karibu na kwetu. Mwaka 2008 Ubisoft haohao, tawi la Montreal, walitoa Far Cry 2. Watengenezaji walikuja Kenya kuangalia na kurekodi savana, kisha wakatengeneza nchi ya Kiafrika yenye vita, almasi na malaria… isiyo na jina. Inaitwa tu nchi fulani ya Afrika. Wahakiki walilisifia sana. Na mwaka 2009 Capcom wakatoa Resident Evil 5, lililowekwa mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju. Kule maadui wanaitwa Majini, na wanapiga kelele kwa Kiswahili! Mwandishi N'Gai Croal wa Newsweek alisema wazi mapema kwamba picha za trela lake zina harufu ya ubaguzi wa zamani. Lakini ubalozi gani ungeandika barua kuhusu Kijuju? Hakuna. Nchi isiyo na jina haina balozi.

Ndiyo maana mimi naona Bolivia, pamoja na kudhalilishwa, ilikuwa na kitu ambacho sisi tulinyimwa. Ilitajwa kwa jina, kwa hiyo ikaweza kujibu kwa jina.

Kuna kipande cha mwisho kitamu. Oktoba 2019 Ubisoft walileta gemu lililofuata, Ghost Recon Breakpoint. Safari hii walikwenda kwenye kisiwa cha kubuni cha Auroa, Bahari ya Pasifiki. Sisemi waliikimbia Bolivia, sina ushahidi huo. Nasema tu hakuna waziri aliyelalamika, ila wahakiki walilichana: alama zikashuka chini ya 60, na moja ya lawama ilikuwa kwamba kisiwa hakina uhai. Mwezi uleule kampuni yenyewe ikakiri kwamba mapokezi na mauzo vimewaangusha, ikasogeza mbele magemu mengine matatu.

Kumbe ile nchi iliyolalamika ndiyo iliyokuwa roho ya gemu. Watu, chumvi, makanisa, milima, vyote vilikopwa Bolivia, na mkopeshaji hakuulizwa.

Kwa hiyo wana historia wenzangu, siku mkitumia uhakiki kama chanzo, iwe wa filamu, kitabu au gemu, msiishie kwenye alama. Tafuteni na yule ambaye hakupewa safu ya kuandika, mkaone aliandika wapi. Wa Bolivia ulikuwa mezani kwa balozi.

Haya, naishia hapo. Wa kupinga aje kantini, ila chai ananunua yeye. Tuko pamoja!