Kujitunza wakati kazi ni nyingi: tansio haipigi hodi

Hapa Bukavu, mama mwenye kuuza sambaza anaamka saa kumi ya alfajiri. Anawasha makala, anatayarisha watoto, anapanda na beseni kichwani mpaka soko ya Kadutu. Anarudi nyumbani giza limeisha kuingia. Ukimwambia huyo mama ajitunze, atacheka. Muda atautoa wapi?

Wengi wanafikiri kujitunza ni mambo ya watu wenye pesa, saluni na mapumziko kando ya ziwa. Hapana. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya jambo hili mwaka 2019. Linaeleza kwamba kujitunza ni uwezo wa mtu, familia na jamaa kulinda afya yao, kuzuia magonjwa na kuishi vizuri na ugonjwa, munganga akiwa pembeni ao asipokuwa. Mtu mwenye kutumika mchana kutwa hawezi kuongeza saa kwenye siku. Anaweza kufunga jambo dogo kwenye kazi anayofanya tayari: anywe kikombe cha maji safi mbele ya kutoka nyumbani, na chupa ingine aende nayo kazini. Mkojo ukiwa mweusi kama chai, maji hayatoshi.

Jambo ambalo tungependa wasikilizaji wetu walishike zaidi ni tansio, yaani shinikizo la damu. Mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kuumwa hata kichwa, kumbe inaharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo. Njia ya kuijua ni kupima tu. Kwenye kituo cha afya inachukua dakika chache, na unaweza kupitia pale siku unapopeleka mtoto kwa chanjo. Ikirudia kufika 140 kwa 90 ao zaidi siku tofauti (wauguzi wetu wanasema 14 kwa 9), hiyo ni tansio ya juu.

Hapo ndipo watu wengi wanakosea. Wanameza dawa wiki mbili, wanajisikia vizuri, wanaacha. Dawa ya tansio si kama ile ya malaria ya siku 3. Inamezwa kila siku, na munganga peke yake ndiye anabadilisha. Uiweke karibu na mswaki, hautaisahau.

Jikoni, OMS inasema mtu mkubwa asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo cha chai, vyote pamoja. Maggi nayo sehemu kubwa yake ni chumvi. Anayetia Maggi tatu ndani ya sombe, kisha anaongeza chumvi juu, anapika tansio. Samaki ya chumvi vilevile, uiloweke kwanza na maji umwage.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana: vidonge vya maumivu. Wabeba mizigo na vijana wa taksi-moto wanameza diclofenac ao ibuprofène karibu kila jioni juu ya mgongo. Dawa hizo zikizoeleka zinapandisha tansio, zinachubua tumbo na kuchosha figo. Mgongo wenye kuuma kila siku unahitaji kuonwa na munganga.

Kuhusu mazoezi, anayepanda vilima vyetu kwa miguu ameisha kufanya yake. Dakika 150 kwa wiki ambazo OMS inaomba ni shida ya sisi wa ofisi, na ya wale wenye kushinda juu ya pikipiki.

Usingizi ndio mgumu. Mtu mkubwa anahitaji saa 7 hivi, lakini kwenye mitaa mingi maji ya bomba yanakuja usiku na lazima mtu aamke kujaza bidoni. Mpange zamu nyumbani, asiamke mama peke yake kila siku. Baba pia anajua kushika bidoni.

Tena, mjue alama hizi: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kukosa nguvu, maneno kuchanganyika ghafula. Hicho ni kiharusi. Msianze kutafuta nani amemroga, wala msimpe chakula ao dawa ya mdomo, maana anaweza kupaliwa. Muangalie ni saa ngapi ilianza, na mumpeleke hospitali palepale.