Pengo la Baba

Kogo aling'olewa meno mawili ya chini akiwa msichana, hapa Njoro. Kwetu Wakalenjin ilikuwa kawaida. Wamaasai pia waling'oa mawili, Wajaluo sita. Sababu tuliyopewa: pepopunda ikifunga taya, maziwa yapitie hapo.

Baba naye aling'olewa. Akaenda shule, akachekwa, akazoea kucheka akifunika mdomo. Sasa ana miaka 68 na anataka kuziba. Daktari wa meno Nakuru akatuonyesha picha: mfupa umesinyaa. Jino ndilo huupa mfupa wa taya kazi. Likitoka, mwili huupunguza polepole. Kwa hivyo kwanza aongezewe mfupa, tungoje miezi kadhaa ushikane, ndipo skrubu ya titaniamu iingie. (Bei? Wacha tu.)

Mgonjwa wa kwanza kuwekewa skrubu hizo, na Brånemark kule Uswidi, ilikuwa 1965. Yaani baba alikuwa bado na meno yake yote!

Kogo akauliza, "Mfupa wa nani?"

Mara nyingi ni wa ng'ombe, nikamwambia, uliosafishwa hadi yabaki madini tu.

Akacheka, pengo wazi. Baba akatazama chini.