Kuhamia Shamba

Mama yangu hakupata kuiita Kimara kwa jina lake mpaka alipofariki. Kwake ilikuwa "shamba". "Mnarudi saa ngapi shamba?" ndivyo alivyotuuliza kila Jumapili jioni, hata baada ya shamba lenyewe kupata umeme, baa na msongamano wa magari. Mwaka 1984, mimi na mume wangu tulipomweleza kuwa tunahama Kariakoo, aliweka chini upawa akasema, "Mwanangu, watu hutoka shamba wakaja mjini. Ninyi mnarudi nyuma."

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo leo, ingawa halimfikii tena: Kariakoo nayo ilikuwa shamba. Wajerumani walipoufanya mji wa Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, pale palikuwa na minazi. Ni wao waliopima ile mitaa iliyonyooka ili Waafrika wahamishiwe huko, mbali na Uzunguni kando ya bahari na mbali na maduka ya Uhindini. Vita vikawakuta katikati ya kazi. Waingereza walipoingia mjini Septemba 1916, waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na ndimi za watu zikalifanya jina hilo Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile hawakurudi makwao. Anayegombea bei ya kitenge Mtaa wa Kongo hana habari nao, wala simlaumu, maana nami nilizaliwa pale nikakua bila kuambiwa.

Waingereza waliendeleza mgawanyo ule ule. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kiliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Kwa hiyo kwa miaka mingi suala la kuchagua mahali pa kuishi halikuwako. Kanuni za ujenzi ndizo zilizochagua: ukiwa huna uwezo wa kujenga kwa mawe na saruji, basi kwako ni ng'ambo ya Mnazi Mmoja.

Humo ndimo ilimoenea nyumba ya vyumba sita, ujia katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, choo na kamba za kuanikia. Kila chumba familia. Sisi tulipanga kimoja katika nyumba ya namna hiyo, mitaa miwili tu kutoka kwa mama, ambaye aliishi katika nyumba ya marehemu kaka yake. Nani asiyejua raha ya uani? Mtoto alilelewa na wanawake sita. Chumvi ikiisha, inapatikana bila kuvaa viatu. Na nani asiyejua karaha yake? Kikohozi cha jirani ulikisikia kama chako, na mwenye nyumba alipandisha kodi alipopenda, ukanyamaza kwa sababu wanaokisubiri chumba hicho walikuwa mlangoni.

Basi hatukuwa wa kwanza kuondoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilijenga kota na kupima viwanja Ilala, Temeke na Magomeni, na wazee wa Kariakoo walisema juu ya Magomeni yale yale mama aliyosema juu ya Kimara: mbali, nyasi, nyoka. Mwalimu Nyerere, baada ya kuacha kufundisha Pugu mwaka 1955, alijenga nyumba Magomeni, ambayo leo ni makumbusho. Katika miaka ya 70 ikaja zamu ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, viwanja vilivyopimwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili mtu wa kipato cha chini ajijengee. Waombaji walikuwa wengi kuliko viwanja, na si vichache vilivyoishia mikononi mwa wenye nafasi. Sisi tuliomba. Hatukupata, wala hatukuambiwa kwa nini.

Kilichobaki ni kununua kwa mwenyeji. Hapo palikuwa na kichekesho cha kisheria: ardhi yote ilikuwa ya umma, na ardhi tupu haikuwa na bei. Ulichonunua ni mimea. Hati yetu, iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, inasema tulinunua mikorosho saba, miembe miwili na mnazi mmoja. Mikorosho tuliikata mwaka ule ule. Ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliyokuja kukiri kwamba ardhi nayo ina thamani, jambo ambalo Kimara lilikuwa halimpi mtu shida hata kidogo.

Tulihamia mwaka 1985, vyumba viwili vikiwa na bati na vingine bado misingi. Maji yalikuwa ya kuchota bondeni. Daladala ndiyo kwanza zilikuwa zimeruhusiwa, mwaka 1983, na kabla yake tulitegemea mabasi ya UDA, yale marefu ya Ikarus, ambayo yakijaa hayakusimama. Mimi nilikuwa nafundisha mjini, nikitoka nyumbani kabla ya alfajiri na kurudi usiku.

Na mtoto? Mwanetu wa kwanza ndio anaanza darasa la kwanza. Tulikaa siku nzima tukahesabu nauli, giza, mvua. Mama akasema, "Mwacheni kwangu, atasoma hapa." Tukashukuru. Ilikuwa iwe mwaka mmoja. Ikawa yote saba, hadi alipomaliza shule ya msingi. Jumamosi alikuja Kimara akiwa amebeba nguo katika mfuko, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni, na alipokatwa na kisu siku moja alilia akimwita bibi yake. Mimi nilikuwa karibu kuliko bibi. Nilimfunga kidonda, nikaenda nyuma ya nyumba.

Nimesikia watu wakilinganisha mjini na pembezoni kwa hesabu ya nauli na kodi. Nami nilifanya hesabu hiyo, na ilikuwa sahihi. Tulipata nyumba isiyo na mwenye nyumba, wadogo zake walicheza chini ya mwembe wao wenyewe, nami nilipostaafu sikuogopa mwisho wa mwezi. Hesabu ile haikuwa na safu ya kuandika mtoto yule. Mpaka leo akisema "kwetu" anakusudia Kariakoo, na Kimara ni "kwa baba".

Nyumba ya mjomba iliuzwa na warithi baada ya mama kufariki, na juu ya uani wake limesimama ghorofa la maduka. Kimara imegeuka pia. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza safari kutoka Kimara hadi mjini, na mwaka uliofuata nyumba nyingi za kando ya Barabara ya Morogoro zilibomolewa kupisha upanuzi. Yetu iko ndani, ikasalimika. Sensa ya 1988 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.3 katika mkoa, na ile ya 2022 zaidi ya milioni 5.3, nami naamini wengi wao hupita mbele ya geti langu asubuhi.

Mwezi uliopita mwanangu alinipeleka kuona kiwanja alichonunua Mapinga, huko njia ya Bagamoyo, nje kabisa ya mkoa. Mikorosho bado imesimama. Nikamwuliza binti yake atasoma wapi.

"Ataanza kwa kukaa kwako, Mama," akasema. "Kimara ni mjini."

Nimemwambia tutazungumza akishachimba kisima.