Mkonge wa babu na mpaka wa dhahabu

Nimerudi Mlimani juzi na viganja bado vina alama za miiba. Mlioniuliza nilipotelea wapi likizo, nilikuwa Kahama nang'oa mkonge. Si utani. Kaeni niwape historia kidogo, maana hii hamtaikuta lekcha.

Mkonge si wa kwetu, asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza vimiche 1,000 kutoka Florida. Vikazungushwa mpaka Hamburg, ndipo vikaletwa Tanga. Vilivyofika hai vilikuwa 62 tu! Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na hapo ndipo biashara nzima ya katani ilipoanzia. Kufika 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Baadaye kamba za plastiki zikaingia, bei ikaporomoka.

Sasa 62 walizaaje maelfu? Mkonge haungoji mbegu. Mama hutoa watoto pembeni, chini kwa chini. Akizeeka anatoa mlingoti mmoja mrefu, juu yake vimiche kibao, halafu anakufa. Wewe unatenga mtoto, unampunguza mizizi, unampanda pengine. Basi.

Huku kwetu Usukumani watu wengi waliupanda mipakani, ng'ombe wasiingie na kila mtu ajue shamba lake linaishia wapi. Babu yangu alifanya hivyo hivyo. Hakuwa na hati wala ramani. Hati yake ilikuwa ule mstari wa mkonge.

Mwaka jana wachimbaji wakafungua duara jirani na shamba letu. Kama mnavyojua, mwenye ardhi hupata mgao wa mifuko ya mawe. Ghafla mstari wa babu ukawa dhahabu! Jirani akasema duara liko kwake. Baba mdogo akasema liko kwetu, mkonge si huo hapo unaonekana? Watu waliozikana miaka yote wakaacha kusalimiana.

Wazee wakaitwa. Mzee mmoja hakuangalia mkonge uliosimama, akaomba jembe. Akachimba upande wetu, hatua tatu kutoka kwenye mstari, akakuta visiki vilivyooza vya mama zake. Akasema, "Mpaka ni pale alipopandwa mama. Watoto hutembea." Na kweli, kwa miaka yote ile hakuna aliyetenga watoto, mkonge ukawa unahama taratibu kuelekea kwa jirani. Duara lilikuwa lake.

Jamani iliuma. Ada yangu nilishaipigia hesabu mle ndani! Baba mdogo alinuna siku mbili. Siku ya tatu akanigongea alfajiri, akanipa panga. Tukang'oa mstari wote, tukatenga watoto wazima, tukawapanda upya juu ya visiki vya babu. Jirani alikuja na mtoto wake kutusaidia, hakuna aliyemwita.

Tumekubaliana kila baada ya mavuno watoto wanaochomoza nje ya mstari wanang'olewa, nyumba zote mbili zikiwepo. Kwa hiyo nyie mnaodhani historia iko maktaba tu, kaulizeni nyumbani mpaka wenu ulipandwa na nani, na kama umetembea.

Haya, nikimbilie semina. Tuonane kantini!