Kutoka Rafu ya Shule: Vitabu vya Watoto na Mwanzo wa Riwaya ya Kiswahili

Waandishi wa mwanzo wa riwaya ya Kiswahili walijifunza sehemu kubwa ya kazi yao kwenye vitabu vilivyokusudiwa wanafunzi. Baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa hadithi za watu wazima zilizofupishwa. Vingine vilikuwa ngano za barazani zilizonaswa na wamisionari. Watoto walivisoma darasani, lakini waliovifanyia kazi ni makarani na wahariri waliokwisha kuota ndevu.

Hazina ya kwanza iliyochapwa ni ya Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuandika masimulizi kama alivyoyasikia kwa wenyeji. Mkusanyo wake ulitoka London mwaka 1870. Humo mna kisa cha punda wa dobi, na ndani yake kisa cha kima na papa: papa ambeba kima mgongoni, wakifika katikati ya bahari amwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima; kima naye ajibu kwa utulivu kwamba moyo ameuacha mtini. Kisa hiki kina umri mrefu. Kimo katika Panchatantra ya Kihindi, kitabu kinachosemekana kilitungwa kuwaelimisha wana wa mfalme, na kimo katika Kalila wa Dimna, aliyoitia Ibn al-Muqaffa katika Kiarabu karne ya 8. Mwaka 1901 George Bateman alizichapa baadhi ya ngano za Unguja huko Chicago kwa ajili ya watoto wa Kimarekani. Kwa hiyo mpaka kati ya hadithi ya mkubwa na ya mdogo ulikuwa umevukwa mara nyingi kabla shule za kikoloni hazijaanza kuagiza vitabu.

Agizo hilo lilikuja kwa nguvu miaka ya 1920. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Lahaja sanifu ilihitaji vitabu, na upesi. Johnson mwenyewe alishika kalamu: mwaka 1929 zilitoka Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, na baadaye zikafuata safari za Gulliver. Pamoja na Edwin Brenn alitoa pia Alfu Lela Ulela.

Vitabu viwili vya mwaka 1929 vilikuwa na udugu ambao huenda wanafunzi hawakuambiwa. Robert Louis Stevenson alianza Kisiwa chenye Hazina mwaka 1881 katika kijiji cha Braemar, Scotland. Mvua ilikuwa imewafungia ndani, akawa anachora na mtoto wake wa kambo ramani ya kisiwa cha kubuni, na kutoka kwenye ramani ile wakaibuka maharamia. Baba yake Stevenson, mhandisi wa minara ya taa na mtu mzima wa heshima zake, alinogewa hata akakaa kuorodhesha vitu vya kutiwa kwenye kasha la baharia mmoja. Kitabu kilipopata sifa, Rider Haggard, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali kusini mwa Afrika, alibishana na ndugu yake kwamba hakikuwa cha ajabu hivyo. Ndugu akamwekea dau aandike chake. Jibu la Haggard ni Mashimo ya Mfalme Sulemani ya mwaka 1885, aliyoitabaruku kwa wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Ni kitabu kilichojaa dharau za kikoloni, na ni jambo la kustaajabisha kwamba kilionekana kinafaa kupewa vijana wa Kiafrika. Ila mwendo wake wa kumvuta msomaji haukubishaniwa.

Mwandishi Shaaban Robert alikuwa amemaliza masomo yake Dar es Salaam mwaka 1926, yaani kabla ya vitabu hivyo kufika. Alivyovisoma kati ya hivyo alivisoma akiwa mtu mzima, karani wa serikali. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, imelinganishwa mara nyingi na safari za Gulliver: nchi iliyo hewani, wajumbe wanaotumwa pande sita, na kila mmoja kurudi na habari zinazowaudhi watawala.

Deni lililo wazi zaidi limo katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952. Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa cha Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, ambaye kila usiku huwapiga mbwa wawili, nao kumbe ni ndugu zake waliogeuzwa kwa uhaini wao. Shaaban Robert aliwafanya mbwa kuwa manyani, khalifa wa kisa hicho akawa mfalme Rai wa Ughaibu, na mjumbe anayeigundua siri akawa Ikibali. Majina hayo mapya ndiyo yanayobeba kazi. Hadithi ya majini imegeuka hoja juu ya uadilifu wa anayetawala, na huruma kwa walioadhibiwa imepewa nafasi kubwa. Kitabu hicho nacho kikaishia madarasani.

Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi alifuata njia nyingine. Mzimu wa Watu wa Kale, ulioshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki na kuchapwa mwaka 1960, ulimleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na rafiki yake Najum. Wahakiki humwona Sherlock Holmes nyuma yao. Mzimu wenye siri za kale, kwa upande wake, unanukia yale mashimo ya Haggard, safari hii ukiwa katika ardhi ya wenyeji wanaofikiri na kutegua vitendawili wenyewe.

Kitabu kingine cha watoto kilichotafsiriwa, cha Lewis Carroll, kilichelewa kuzaa matunda. Elisi katika Nchi ya Ajabu kilitolewa na Sheldon Press mwaka 1940, msichana akiwa amechorwa kama mtoto wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, msomi mwenye asili ya Zanzibar, alikitafsiri upya. Mwaka 2022 mfasiri huyo huyo alitoa Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Waliomtunuku Gurnah waliitaja Alfu Lela Ulela miongoni mwa chemchemi zake za awali.