Watunza Vitabu Walipopunguzwa

Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilianzishwa hapa Bagamoyo mwaka 1989. Watu wakitajiwa vyuo vya mji huu hukumbuka kwanza kile cha Sanaa, maana kina ngoma, na ngoma husikika mbali. Hiki kingine hakina kelele. Kiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na kazi yake ni kufunza vijana kupanga vitabu na kutunza kumbukumbu.

Mwaka huo wa 1989 tuutazame vizuri. Miaka mitatu nyuma, 1986, Serikali ilikuwa imekubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, baada ya vita vya Kagera, ukame na bei ya mafuta kuiacha hazina tupu. Tukaambiwa tufunge mikanda. Hivyo chuo kilizaliwa kutayarisha watumishi wa idara zilizokuwa zikikosa fedha za kuwaajiri. Sisemi kwamba waliokianzisha hawakuona mbali. Nadhani waliona mbali kuliko mfuko ulivyoruhusu.

Msomaji kijana huenda hajui tulikotoka. Sheria ya kuunda Bodi ya Maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Nyaraka za Taifa nazo zilipata sheria yake mwaka 1965. Kisha ikaja kampeni ya kisomo cha watu wazima. Kwa hesabu ya Serikali, kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki kama 10 katika kila watu 100. Mwaka uleule! Tuliwafikisha watu mlangoni pa maktaba, na humo ndani rafu zikaanza kukaukiwa. Vitabu vya nje vilitaka fedha za kigeni, nazo zilikwenda kwenye mafuta na dawa. Tukabaki kungoja misaada ya wahisani: vingine vitabu vizuri sana, vingine vikieleza utunzaji wa bustani wakati wa theluji.

Pigo la watumishi wenyewe lilikuja miaka ya 1990, katika mpango wa kurekebisha utumishi wa umma. Mwaka 1993 ajira zilisimamishwa, na katika miaka michache watumishi wapatao 50,000 wakapunguzwa. Sisi walimu, pamoja na waganga, kwa sehemu kubwa tulisalimika. Karani wa masijala, mhudumu na tarishi hawakuwa na kinga hiyo. Katika karatasi za bajeti karani wa masijala ni mshahara tu. Anaonekana siku anapokuwa hayupo, jalada linapotafutwa na kila mtu anasema lilikuwa hapa juzi. Nimewaona wazee wakizunguka mwaka mzima kufuatilia kiinua mgongo, kwa kuwa aliyejua majalada yao yalipo naye alikuwa amepewa barua ya kupunguzwa.

Katika chuo cha ualimu nilichokuwa mkuu wake, mtu wa maktaba alikuwa amenizidi umri, nami nilimwamkia kila asubuhi. Barua yake ilipofika hakulalamika. Alisema, "Mwalimu, naomba tuhesabu vitabu kwanza. Nisipokabidhi sawasawa, kesho kikipotea kimoja nitaitwa mwizi." Tulihesabu siku tatu. Vilipungua viwili tu, akavitaja kwa majina, na walimu walioviazima akawataja.

Ufunguo akapewa mwalimu wa Historia, mwenye vipindi tele, akawa anafungua alasiri mbili kwa wiki. Wanachuo wa miaka ile walikwenda kufundisha bila kuzoea kutafuta kitabu wenyewe. Madarasa waliyoyafundisha ni mengi, na hilo halimo katika hesabu ya fedha zilizookolewa.

Ajabu ni kwamba mwaka 1997 UNESCO iliziingiza nyaraka za utawala wa Wajerumani, zilizoko Nyaraka za Taifa, katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Ni karatasi za watawala ambao hadi mwaka 1891 makao yao makuu yalikuwa hapa Bagamoyo. Nyingi zimeandikwa kwa hati ya zamani ambayo hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuisoma. Dunia ilizipa heshima katika miaka ileile tuliyokuwa tukiona watunza kumbukumbu ni watu wa kupunguza. Mwaka 2002 ilitungwa sheria mpya ya kumbukumbu na nyaraka, iliyoweka masijala na nyaraka chini ya idara moja, na wahitimu wa chuo chetu kisicho na ngoma wakaanza kutafutwa.

Yule mzee alirudi kwao Mlingotini. Nilimtembelea miaka kadhaa baadaye, nikakuta chini ya kitanda chake sanduku la bati limejaa bahasha: hati za viwanja, vyeti vya ubatizo na vya ndoa, barua za mirathi, vyote vya majirani. Kila bahasha ilikuwa na namba, na namba zimeandikwa katika daftari. Nilipokuwa nikinywa chai alikuja kijana kutafuta cheti cha marehemu baba yake, mzee akakitoa bila hata kuvaa miwani.